Jina la Mwenye Daftari

Temple Hills, Maryland
22 Februari 1998

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote pokea salamu za Edna, ambaye amekua hadi viatu vyangu vinamtosha, nami sasa naficha vile vipya. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimwita anakujibu Kiingereza, na ukimkaripia anakujibu Kiingereza cha haraka zaidi. Mwambie mama mdogo Benadetha kwamba kitenge kimefika. Nimekivaa kanisani juu ya masweta mawili nikaonekana kama gunia la pamba, lakini nimekivaa.

Bado niko kwenye kile kituo cha wazee kule Arlington. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Ni shirika lisilotafuta faida, na nadhani sisi watumishi ndio tuliokatazwa faida kuliko wote, maana tunauguza watu mwaka mzima na wenyewe bima ya matibabu hatuna.

Sasa nikuambie jambo linalonishangaza hadi leo. Nimejiunga na kamati ya siasa. Usishtuke! Ni kamati ya wafanyakazi wa mashirika kama hili letu. Tunachanga, na michango inamsaidia mgombea ubunge anayekubali kututetea sheria zinapotungwa. Si rushwa. Inaruhusiwa, ina fomu, na hesabu zake zinapelekwa serikalini. Mweka hazina ni Mkenya, Wairimu, mhasibu wa shirika moja la Springfield. Aliniuliza tu, "Uko na green card? Basi uko sawa, unaweza ku-join. Kura ndio hauna, lakini mchango unao."

Tulikutana kwenye maktaba, chumba cha watoto, kwa kuwa kile kikubwa kilikuwa na watu. Mgombea mwenyewe akaja. Baba mdogo, mtu yule alikalia kiti cha mtoto, magoti yamefika kifuani! Wairimu akamwambia ana dakika tatu, akaweka mezani saa ya kuchemshia mayai. Ilipolia, akanyamaza katikati ya sentensi. Mheshimiwa mzima amenyamazishwa na saa ya mayai, kisha akatoa kalamu na kuanza kuandika tunayoyasema sisi. Niliposema habari ya bima aliandika, nami nikainua shingo kuhakikisha kwamba anaandika kweli. Nilirudi nyumbani basi zima natabasamu peke yangu.

Nimechangia dola ishirini. Na wewe sikukusahau: nimeongeza kumi kwa jina lako. Nimeandika chini ya langu, "Phineas Wambura, karani mstaafu, Musoma." Si ndivyo tunavyofanya nyumbani, kwenye harusi na misiba? Asiyekuwepo ndugu yake humtaja, naye akahesabiwa yupo.

Mwanao,
Adela

*

Musoma
30 Machi 1998

Mwanangu Adela,

Marahaba. Barua yako imefika juzi, imelowa pembe moja. Mvua hizi za El Nino zimekata barabara pande zote, na maharage ya Benadetha yameozea shambani, kwa hiyo usimuulize habari za maharage. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Edna mwambie babu yake anajua Kiingereza vilevile, na cha maandishi, kwa hiyo asitambe.

Nimesoma ulichofanya. Futa jina langu.

Sikukutuma, sikukuomba, na hukuniuliza. Jina la mtu si la kupelekwa serikalini kwenye karatasi, hata kama serikali yenyewe ya mbali. Mfuate huyo mwanamke wa Kenya, mwambie alikate mbele ya macho yako, na ukiweza uchukue karatasi yenyewe. Na kama una akili, la kwako pia likatwe. Ukitaka kuwasaidia wenzako wasaidie kwa mkono, usiwasaidie kwa orodha.

Usiniulize sababu. Mimi ni mtu mzima.

Wako,
Phineas Wambura

*

Temple Hills
26 Aprili 1998

Baba mdogo,

Shikamoo tena, na pole kwa maharage na goti. Hapa miti imechanua na Edna amepata zawadi ya hesabu shuleni. Nilimpikia wali wa nazi akala kwa adabu, halafu akaomba piza.

Tulia. Jina lako halimo. Kabla barua yako haijafika, Wairimu alikuwa amenipigia simu. Nikupe maneno yake kama alivyosema: "Adela, my dear, hii ten dollars siwezi ku-deposit. Huyu uncle ako Tanzania, si citizen, hana green card, na pesa si yake, ni yako. Law ya huku haijui mambo ya kuchangia mtu. Kila mtu anasimama na jina lake."

Nikacheka, nikamwambia hivyo ndivyo tunavyochanga kwetu. Akasema hata kwao ni hivyohivyo, kwenye harambee yeye mwenyewe ameshawahi kumchangia shangazi ambaye alikuwa amekwisha kufa. Lakini dola kumi zikarudi, na barua iliyopigwa chapa, yenye sahihi. Nimeiweka ndani ya Biblia. Hebu fikiri, nchi kubwa namna hii, na mtu amekaa chini akahakikisha kwamba dola kumi za mpika uji wa wazee zimesemwa kwa ukweli.

La kwangu limebaki, na hapa tutabishana. Wairimu ameniambia kwamba anayetoa kidogo hatajwi, anaingizwa kwenye jumla. Lakini michango ya mtu ikizidi dola mia mbili kwa mwaka, jina lake linaandikwa kwenye taarifa ya serikali, pamoja na kazi yake na mahali anapofanyia. Kuna ofisi mjini Washington ambako mtu yeyote anaingia na kusoma. Baba mdogo, natamani niandikwe. Miaka tisa nimeishi nchi hii, na jina langu limeandikwa kwenye bili tu. Ninatoa kidogokidogo kila mwezi, na kabla ya mwisho wa Septemba nitakuwa nimepita.

Sasa nikuulize, hata kama umenikataza. Ni nani aliyekutisha?

Adela

*

Musoma
11 Juni 1998

Adela,

Marahaba. Nimefurahi kwamba langu limerudi. Huyo mweka hazina ni mtu makini, mpe salamu.

Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa karani miaka ishirini na minne katika kiwanda cha kuchambua pamba, na marehemu baba yako alikuwa mpima mizani palepale hadi alipofukuzwa, hilo unalijua. Nimeona orodha zinavyoanza na nimeona zinavyoisha. Zinaanza kwa watu kucheka kwenye chumba kama hicho chenu. Nakusihi kama mzazi, usiliandike jina la Wambura. Ukiliandika, sitakuandikia tena.

Hapa tu wazima.

Phineas

Mwanangu Adela, mimi mama yako mdogo, nimepewa barua niipeleke posta, na bahasha ilikuwa haijafungwa. Si wazima. Tangu ulipoandika habari za majina amekuwa kila Jumapili anavaa koti, anakwenda hadi kwa mzee Dunstan, yule aliyefukuzwa kazi pamoja na baba yako. Anafika getini, anageuka, anarudi. Nikimuuliza anasema alikuwa ananyoosha goti. Wewe msomi, labda utajua. Benadetha.

*

Temple Hills
2 Agosti 1998

Baba mdogo,

Shikamoo. Joto la huku limezidi la Musoma, na hilo silisemi kwa kujivuna. Edna anaogelea kutwa na nywele zake zimeniharibikia.

Barua yako ilinitia hofu, sikufichi. Ilifika mwisho wa Juni, na mchango wa mwezi huo sikuutoa. Nilimwambia Wairimu kwamba nimeogopa, nikategemea atanicheka. Hakunicheka. Akasema, "Twende uone kwa macho yako ni nani husoma hizo majina."

Tukaenda Ijumaa niliyokuwa na mapumziko, basi kisha treni, hadi katikati ya mji. Nilivaa ile suti yangu ya kanisani, na kitambulisho nimekishika mkononi tangu stesheni. Mlangoni nikamwonyesha mzee mmoja anayekaa kwenye dawati. Hakukitazama. Hakuniuliza mimi ni nani, wala natoka wapi, wala nimetumwa na nani. Aliniuliza, "Ungependa kuona nini?" Baba mdogo, nikageuka kumtazama Wairimu. Maisha yangu yote nimeingia ofisi za serikali nikiwa mimi ndiye ninayeangaliwa.

Alituletea tulichotaka na kurudi kwenye gazeti lake. Nikasoma majina hadi macho yakauma. Matajiri wamo, walimu wa shule wamo, mchimba makaburi mmoja wa Virginia yumo. Wamepangwa kwa herufi, tajiri hatangulizwi. Halafu nikamwona mkurugenzi wetu, yule mama wa kituo cha wazee. Amemchangia mpinzani wa mgombea wetu, tena si haba! Nilihisi nimemfumania. Jumatatu nilimwogopa korido nzima. Akaja, akanisalimia, akauliza hali ya Edna na hesabu zake. Nikamtazama nikijua anampa nani, na yeye, nikishaandikwa, ataweza kujua ninampa nani, na sote wawili tukaenda kumgeuza Bibi Patterson kitandani, yeye upande wa kichwa, mimi miguu. Bado sijamaliza kushangaa.

Mwezi Julai nikaanza tena kutoa. Nimefika dola mia moja na tisini. Mchango mmoja tu, jina linaingia. Lakini nimesimama hapo, kwa sababu wewe ndiye uliyenilipia shule baba alipofariki, na sitaki kuandikwa huko halafu nikafutwa kwako. Daftari za kamati zinafungwa tarehe 30 Septemba. Hadi siku hiyo nakungoja. Ukiniambia sababu, na ikiwa ni sababu, nitaacha. Usiponiambia nitaandikwa.

Umefika hadi getini kwa mzee Dunstan kwa ajili ya nini?

Mwanao,
Adela

*

Musoma
6 Septemba 1998

Mwanangu Adela,

Barua hii anaipeleka posta mwenyewe aliyeiandika. Bomu la Dar limetusikitisha wote, ila ndugu zetu wa kule wamesalimika. Benadetha amekiri kosa lake la bahasha, nami nimemsamehe kwa sababu sina haki ya kumnunia mtu yeyote.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Kijana mmoja alikatwa mkono na mashine, na kiwanda kikamrudisha kwao na nauli tu. Baba yako na wenzake wakaanza mchango: sehemu wamtunze yule kijana, sehemu wamtume mtu Dar es Salaam akaeleze wakubwa. Walihitaji mtu wa kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Nikanunua daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikaandika majina ishirini na moja. La kwanza, baba yako, Mwita Wambura. La pili, Dunstan. Langu sikuwa nimeliandika. Mwenye daftari huwa anajiandika mwisho, na mwisho haukufika.

Meneja aliniita ofisini. Watu wanadhani nilipigwa, au nilitishwa. Hakuna. Alinikaribisha chai. Aliniuliza hali ya nyumbani, akasifu mwandiko wangu kwenye vitabu vya kiwanda, kisha akasema amesikia nina daftari jingine, anaomba aliangalie. Nikalitoa mfukoni, Adela. Nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu.

Wiki ile walifukuzwa wote ishirini na mmoja. Mimi nilibaki, kwa kuwa sikuwemo. Watu wakasema msaliti ni kibarua mmoja wa Ukerewe, nami nikanyamaza. Baba yako aliwahi kunifariji mimi, akaniambia, "Ni heri wewe umebaki, mdogo wangu, utatulelea watoto." Nikawalea. Alikufa bila kujua, na ada yako ya shule ilitoka kwenye mshahara ule.

Kwa hiyo ulipoandika jina langu huko Marekani nilitaka ulifute, lakini si kwa kuogopa serikali. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kuingia kwenye orodha ya wafanyakazi. Na hata huko likarudishwa.

Kumbuka barua yako kuhusu yule mzee wa mlangoni. Mimi nimeisoma mara nyingi. Anakaa na majina ya watu wote na hamkaribishi mtu chai! Sikujua kwamba duniani kuna mahali orodha imewekwa mchana kweupe, msomaji haogopwi na aliyeandikwa hafukuzwi. Labda nao wana mabaya yao, lakini hilo limenizidi.

Ulitaka sababu. Sababu ni hii, na wala si sababu ya kukuzuia. Andika au usiandike. Sina tena neno juu ya jina hilo.

Phineas

*

Temple Hills
25 Oktoba 1998

Baba mdogo,

Shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 24 Septemba. Nimeshindwa kuijibu mwezi mzima. Hasira ninayo, na sitakudanganya kwamba imekwisha. Namkumbuka baba akirudi mchana, mapema kuliko kawaida, akanituma nimletee maji ya kunywa na asiyanywe. Namkumbuka akivua viatu vya kazi na kuvifunga kamba pamoja. Viatu hivyo ulikuja kuvichukua wewe, akakupa kwa mkono wake. Nimelia nikiwa naogesha wazee wa watu, hadi Bibi Patterson akanipangusa yeye.

Edna aliniuliza kuna nini. Nikamweleza yote. Akafikiri, kisha akasema, "So write Grandpa's name, Mom. He was first." Nikamwambia sheria ya hapa imekataza kumwandikia mtu mwingine. Halafu nikakumbuka kwamba jina la baba mimi ninalo, liko katikati ya langu, kwenye pasipoti na kwenye kadi ya ukaazi. Sikuwa nimewahi kulitumia kwa lolote.

Tarehe 29 nilimpelekea Wairimu mchango wa mwisho. Kwenye fomu nikaandika jina lote, pamoja na la katikati. Akauliza, "Uko sure?" Nikasema niko.

Juzi nimekwenda tena kwenye ile ofisi, safari hii na Edna. Mzee ni yuleyule. Edna ndiye aliyeliona jina kwanza, akapiga kelele mle ndani, na hakuna aliyemfukuza. Tukatoa fotokopi, nayo ni hii niliyokufungia humu. Tazama ukurasa wa pili, karibu na chini. Limetangulia la ukoo, ndivyo wanavyopanga. Wambura, Adela Mwita. Kazi: mhudumu wa wazee. Nimekaa katikati ya wakili na mwenye duka la maua. Nililigusa kwa kidole nikashindwa kuondoka.

Uchaguzi ni Jumanne, tarehe 3 Novemba. Sijui kama mtu wetu atashinda, na kura sina. Lakini nimeandikwa, na kesho naingia kazini saa moja kama kawaida.

Sikuombi kitu ila kimoja. Hapo getini usigeuke tena.

Adela

*

Musoma
13 Desemba 1998

Mwanangu Adela,

Marahaba, ingawa umenisalimia zaidi ya ninavyostahili. Benadetha amepanda maharage upya na safari hii yamekubali. Kwenye kadi yako ya Krismasi umesema mtu wenu ameshinda, hongereni, na sasa mkamkumbushe habari ya bima kwa ile saa yenu ya mayai.

Nilikwenda Jumapili iliyopita. Nilipita geti. Kati ya wale ishirini na mmoja wamebaki wanne, na Dunstan ni mmoja wao. Macho yake hayaoni tena. Nikamwambia nimeleta karatasi kutoka Marekani, nikamsomea. Akataka nirudie. Akaniuliza kama ni kweli inakaa wazi, nikamweleza habari za mzee wa mlangoni. Akasema, "Wambura, Adela Mwita," polepole, akafurahi hadi akapiga paja. Kisha akasema, "Mwita alikuwa wa kwanza. Wa pili mimi. Hivi daftari letu lile aliishia nalo nani?"

Nikasema, "Mimi. Nililitoa mimi. Yule kibarua wa Ukerewe hakuhusika."

Kuku wakaingia ndani, hakuwafukuza. Nilimwambia yote, na ofisi, na chai. Akaniuliza jambo moja tu.

"Chai yenyewe ilikuwa na sukari?"

Nikasema ilikuwa nayo, vijiko viwili.

Akatikisa kichwa. Akamwita mjukuu wake alete kalamu na karatasi, akasema, "Andika." Akaanza kuwataja. Adela, hakuhitaji kunitajia. Nilikuwa nao wote kichwani, kwa mpangilio uleule, miaka ishirini na mitatu. Tulikwenda pamoja, yeye akisema na mimi nikiandika kabla hajamaliza, hadi wa ishirini na moja. Nikaweka kalamu chini. Akasikia nimeiweka.

"Bado mmoja," akasema.

Nikaandika. Akaniambia nisome wa mwisho kwa sauti, nikasoma, "Phineas Wambura, karani." Akasema nisome tena, nikasoma.

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Nilipoinuka kuaga aliniambia kwamba karatasi moja itapotea, nije tena Jumapili na daftari, na kwamba wale wengine watatu atawaita yeye.

Nimeshalinunua. Lina jedwali la kuzidisha nyuma.

Baba yako mdogo,
Phineas